Geisha wa Japani: je, hulipwa kwa uzuri wa sura?

Ukiona picha ya geisha wa Japani, kwanza utaona uso uliopakwa rangi nyeupe, midomo myekundu na vazi la hariri liitwalo kimono. Wengi hudhani kazi yake ni urembo tu. Wengine hudhani ni ukahaba. Katika makala hii tunaeleza kazi hiyo ni ipi, na kwa nini wanaoifahamu hawaipimi kwa sura.

Geisha ni nani?

Neno "geisha" maana yake ni mtu wa sanaa. Geisha wa mwanzo walikuwa wanaume, wachekeshaji na wapiga ngoma wa karamuni. Wanawake waliingia katika karne ya 18, na baadaye wakawa ndio wengi.

Geisha hualikwa kwenye karamu ili wageni wafurahi. Hucheza, huimba, hupiga shamisen, ambacho ni chombo cha nyuzi tatu, humimina vinywaji na huongoza mazungumzo. Mteja hulipia muda. Zamani muda huo ulihesabiwa kwa vijiti vya ubani vilivyoungua.

Hujifunza nini?

Katika mji wa Kyoto, mwanafunzi wa kazi hii huitwa maiko. Kwa kawaida huanza akiwa na miaka 15 hivi, baada ya kumaliza elimu ya lazima, na hujifunza kwa miaka mitano hivi. Huishi katika nyumba inayomgharimia chakula, mavazi na masomo. Hufundishwa ngoma, muziki, utaratibu wa kuandaa chai, lahaja ya Kyoto, hata namna ya kufungua mlango na kusalimia.

Hapa kuna jambo la kushangaza. Maiko, yaani mwanafunzi, ndiye hupambwa zaidi. Anapohitimu, mapambo hupungua, na kadiri umri unavyosogea, nguo na vipodozi huwa vya kawaida zaidi. Urembo humsaidia anayeanza, wakati ujuzi wake bado mdogo. Geisha mkubwa hutegemewa kwa muziki wake, kwa kukumbuka wageni, kwa kusikiliza, na kwa kutunza siri. Nyumba nyingi za karamu za Kyoto hazimpokei mgeni asiyeletwa na mteja anayejulikana, kwa sababu biashara yote imejengwa juu ya kuaminiana.

Mwaka 2020 shirika la habari la Reuters liliripoti habari za Ikuko, geisha wa mtaa wa Akasaka, Tokyo. Alikuwa na miaka 80, na bado alikuwa kazini.

Je, hakuna ubaya?

Upo, na hatutauficha. Zamani familia maskini, nyingi za vijijini, zilipokea fedha na kumtoa binti. Binti alibaki na deni la kulipa kwa kazi yake, na si kila mmoja alilindwa asiingizwe katika ukahaba. Baada ya Vita Kuu ya Pili sheria zilibadilika. Kuuza watoto kwa njia hiyo kulikomeshwa, na sheria ya mwaka 1956 ikapiga marufuku ukahaba. Hata hivyo, mwaka 2022 mwanamke aliyewahi kuwa maiko alieleza mtandaoni kwamba alinyweshwa pombe akiwa na miaka 16. Japani umri halali wa kunywa ni miaka 20.

Sisi tunajifunza nini?

Hata kwetu watu hufika kijijini wakitafuta "wasichana warembo" wa kufanya kazi mjini: hotelini, baa, au kukaribisha wageni kwenye sherehe. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kabla binti hajaondoka, mzazi na binti wenyewe waulize: Atafundishwa kazi gani? Atalipwa kiasi gani, na nani? Nauli na nguo anazopewa ni deni? Akitaka kurudi nyumbani, ataruhusiwa?

Na swali la mwisho: akifika miaka 40, kazi hiyo itakuwa bado inamhitaji? Kama jibu ni hapana, wanachonunua ni sura yake, na sura haidumu. Ujuzi, adabu na uaminifu atazeeka navyo.