Kupinga swali si kugombana: namna pingamizi inavyofanya kazi mbele ya tribinali na hata katika kartie

Tuchukue mfano. Mama mmoja amesimama mbele ya tribinali hapa Goma kutoa ushuhuda juu ya ubakaji aliotendewa. Avoka wa mshitakiwa anamuuliza: « Mama, mbele ya siku ile ulishatembea na wanaume wangapi? » Watu wananyamaza. Mama anatazama chini. Je, ni lazima ajibu?

Hapa ndipo pingamizi inaanza kazi yake.

Katika filamu za Marekani, avoka anaruka na kupaza sauti. Kwetu Kongo, prezida wa tribinali ndiye anaongoza mjadala. Avoka wa mama anaomba neno na kusema: « Bwana Prezida, tunapinga swali hili. Sheria namba 06/019 ya tarehe 20 Julai 2006 inasema mwenendo wa zamani wa mwathirika hauwezi kumwondolea mshitakiwa kosa. » Kisha anangoja prezida aamue.

Tuangalie vizuri. Hakumtukana mwenzake, wala hakusema ni mwongo. Ameonyesha mambo mawili tu: ni swali gani, na juu ya nini halifai. Uamuzi ameuacha kwa yule mwenye kuongoza.

Sheria hiyohiyo inampa mwathirika haki nyingine: anaweza kuomba kikao kifanyike milango ikiwa imefungwa, ili umati usimusikilize.

Lakini mshitakiwa naye ana haki. Kifungu cha 17 cha Katiba ya 2006 kinasema anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Cha 19 kinampa haki ya kujitetea. Kwa hiyo avoka wake anaweza kubadilisha swali: « Usiku ule kulikuwa mwangaza gani? Ulimtambua namna gani? » Swali hili linauma, lakini linahusu kesi. Kulipinga ni kazi bure. Jibu lake ni ushahidi.

Wakaaji wa hapa wameyaona haya. Novemba 2012, wakati M23 walipoingia Goma, wanajeshi wa serikali waliokuwa wakirudi nyuma walifanya ubakaji na uporaji huko Minova. Kesi yao ilifunguliwa Goma mwezi wa Novemba 2013, mbele ya mahakama ya kijeshi. Waathirika walitoa ushuhuda wakiwa wamefunikwa nyuso. Tarehe 5 Mei 2014, kati ya washitakiwa 39, wawili tu ndio walihukumiwa kwa ubakaji. Waathirika wengi hawakuweza kusema ni mwanajeshi gani hasa aliwatendea vile. Na katika mahakama ile hakukuwa nafasi ya kukata rufaa. Swali la « ulimtambua namna gani » linaweza kubeba kesi nzima. Ndiyo maana ni vema mashahidi watayarishwe kwa maswali magumu, siyo kuwaambia tu kwamba watakingwa.

Haya yote yanatufikia hata nyumbani. Katika likelemba, mama mmoja anasema: « Mama, katika daftari ninaona 20 000 franka hazipo. » Mwenye kutunza feza anajibu: « Nawe, mwaka ile ulichelewaka kulipa, leo unatuhukumu? » Jibu kama hilo linafanana na swali la wanaume wangapi: linamfuata mutu, linaacha jambo. Hata kama ni kweli alichelewa, feza bado hazijaonekana.

Mwenye kupinga vizuri anafuata njia hii: anasikiliza mpaka mwisho, anataja neno analolipinga, anatoa sababu, kisha anaomba anayeongoza kikao aamue, iwe mama prezida wa likelemba, mzee wa familia au shefu wa avenue.

Na anayepingwa? Ana njia tatu. Akiona alikosea, abadilishe neno lake. Akiona hakukosea, aonyeshe linahusu nini. Kama hawapatani, akubali uamuzi wa anayeongoza, na kikao kiendelee.

Katika likelemba ile, jibu lilikuwa fupi: « Tufungue daftari, tuhesabu pamoja. »