Muhula umekwisha Granada: Mwanafunzi arejee nyumbani au aendelee na safari?



Zamani kijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki akienda kusoma ng'ambo alikwenda kwa miaka. Alikaa Madina, Cairo au Khartoum hadi akahitimu, na siku ya kurudi ilikuwa moja tu, akipokewa na ukoo mzima. Siku hizi wapo wanaokwenda kwa muhula mmoja. Mpango wa Erasmus, ulioanzishwa mwaka 1987 kwa ajili ya wanafunzi wa Ulaya wenyewe, tangu mwaka 2015 umepanua mlango kwa vyuo vilivyo nje ya bara hilo, vya Afrika Mashariki vikiwamo. Kijana hubaki mwanafunzi wa chuo chake cha nyumbani, akasoma miezi minne au mitano Ulaya, kisha masomo hayo yakahesabiwa katika shahada yake.

Tuchukue mfano wa Granada, Hispania, ambayo chuo kikuu chake, kilichoasisiwa mwaka 1531, ni miongoni mwa vinavyopokea wageni wengi zaidi wa mpango huo. Ifikapo Juni mitihani hufikia ukingoni, nyumba za kupanga huanza kuhamwa, na simu hupigwa nyumbani: "Baba, nimemaliza. Wenzangu wanazunguka Ulaya wiki tatu kabla ya kurejea makwao. Naomba ruhusa."

Wazazi wengi hujibu haraka. Wapo wanaokataa kwa hofu, na wapo wanaokubali kwa fahari ya kuwa na mtoto aliyefika Paris. Majibu yote mawili yanaliruka swali lenyewe, ambalo katika dini yetu lina uzito wake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba safari humkosesha mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, na akahimiza anayemaliza haja yake afanye haraka kurejea kwa watu wake. Kwa upande wa pili, Qur'ani Tukufu imetuamrisha mahali pengi tutembee katika ardhi, tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Je, mwanafunzi aliyemaliza mtihani amekwisha kumaliza haja yake?

Kwa maoni ya mwandishi, haja ya kwanza imekwisha. Kinachofuata ni safari nyingine, na safari nyingine hutaka nia nyingine. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Kishafii wameliweka jambo hili wazi katika mlango wa Swala ya msafiri: mwenye kutangatanga bila kujua aendako hana ruhusa ya kupunguza Swala, hata akienda mbali vipi, kwa sababu sharti mojawapo ni kukusudia mahali maalumu tangu mwanzo. Naye anayesafiri kwa ajili ya maasi hana ruhusa hiyo kabisa. Basi kijana anayesema "tutajua tukifika stesheni" hajapanga safari. Mzazi ana haki ya kumwuliza: unakwenda wapi, kutazama nini, na utarudi lini?

Kwa binti zetu pana swali la ziada. Kauli inayotegemewa katika madhehebu ya Kishafii ni kwamba mwanamke hasafiri safari isiyo ya wajibu bila ya mume au maharimu. Baadhi ya wanazuoni wa zama hizi wameruhusu pale penye njia ya amani na wenzake waaminifu. Familia iliyofuata kauli hii ya pili wakati wa kumpeleka masomoni haiwezi kuisahau ghafla mwezi Juni, wala iliyofuata ya kwanza haiwezi kuilegeza kwa sababu tu picha za wenzake zinavutia. Jambo hili lilipaswa kuzungumzwa na shekhe wa mtaa kabla ya binti kupanda ndege, na kama halikuzungumzwa wakati huo, lizungumzwe sasa.

Yapo mambo ya kutimizwa Granada kabla ya mkoba kufungwa. Adabu ya msafiri katika Uislamu huanza na haki za waja: kulipa madeni, kurudisha amana, kuomba radhi. Mwanafunzi alipe umeme na maji ya mwezi wa mwisho, hata kama mwenye nyumba hatampata tena. Vitabu virudi maktaba, na hati ya matokeo idaiwe mapema ofisini, maana bila hati hiyo muhula mzima unaweza kukosa kuhesabiwa nyumbani. Awaage majirani na wenzake wasio Waislamu kwa wema, hata kama karamu yao ya kuagana ina pombe na hataketi mezani pao. Kikombe cha chai mchana wake kinatosha. Na fedha zilizotumwa na wazazi kwa ajili ya ada na chakula ni amana ya ada na chakula. Asizigeuze kuwa nauli bila ya idhini yao.

Inashangaza kwamba wengi huikimbilia Ulaya ya mbali hali Granada yenyewe hawajaiona. Mji huu ulikuwa wa mwisho wa dola za Kiislamu katika Andalusia, nao ulikabidhiwa kwa wafalme Fernando na Isabel tarehe 2 Januari 1492. Mkataba wa mwaka 1491 uliwaahidi Waislamu dini yao na misikiti yao. Haikupita miaka kumi na miwili wakawa wamelazimishwa kuchagua ubatizo au uhamisho, na kati ya miaka 1609 na 1614 hata vizazi vya waliobatizwa vikafukuzwa Hispania. Katikati ya mji, mkabala na kanisa walimozikwa wafalme hao wawili, ipo Madrasa ya Yusufiyya iliyojengwa na Sultani Yusuf wa Kwanza mwaka 1349. Chumba chake cha kuswalia kingali na mihrabu yake, na sasa ni mali ya chuo kikuu. Mwanafunzi anaweza kupita mlangoni pake muhula mzima akiwa na kitabu mkononi asijue.

Juu ya kilima ipo Alhambra, ambayo kuta zake zimejaa maandishi ya Kiarabu yanayokiri kuwa hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Tiketi zake wakati wa kiangazi huisha siku nyingi kabla, basi anunue mapema. Na ng'ambo ya bonde, katika mtaa wa Albaicín, ulifunguliwa Julai 2003 msikiti uliojengwa upya baada ya zaidi ya miaka 500 bila ya msikiti wa kujengwa katika mji huo. Ijumaa ya mwisho aiswali hapo.

Hapa pana fungamano letu ambalo halisemwi mara nyingi. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akaona misikiti ya mbao na watu wa madhehebu ya Shafii, alifika Granada pia yapata mwaka 1350. Huko alikutana na kijana mwandishi aitwaye Ibn Juzayy, na ni Ibn Juzayy huyo Mgranada aliyekuja kuyaandika masimulizi yake mjini Fez, yakakamilika mwaka 1355. Habari za Kilwa ya wakati ule tunazozisoma leo zilipita katika kalamu ya mtu wa Granada.

Sasa aondoke. Akiwa Granada kwa muhula mzima alikuwa mkaazi, si msafiri. Kwa Mashafii, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, ukiondoa ya kuingia na ya kutoka, hukoma kupunguza. Kwa Mahanafi ni siku kumi na tano. Miezi mitano haimo katika hesabu hizo zote mbili. Usafiri huanza anapoyaacha majengo ya mji akikusudia mwendo wa marhala mbili, takriban kilomita 80 na zaidi. Kuanzia hapo Adhuhuri, Alasiri na Isha huwa rakaa mbili mbili, na anaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Akitaka kuchelewesha Adhuhuri hadi wakati wa Alasiri, anuie hivyo kabla wakati wa Adhuhuri haujatoka. Akiswali nyuma ya imamu mkaazi atatimiza nne. Na asianze safari Ijumaa baada ya Alfajiri, kama safari hiyo itamkosesha Swala ya Ijumaa iliyo wajibu kwake.

Ruhusa ya kukusanya ndiyo inayomwokoa mtu kwenye treni, mahali ambapo kusimama na kuelekea Kibla kwaweza kuwa shida. Apange safari kwa nyakati za Swala, ajue kituo atakachoshuka. Kibla nacho humbadilikia: aliyekulia Dar es Salaam amezoea kuelekea kaskazini, Granada ataelekea mashariki, akipinda kusini kidogo, Sarajevo ataelekea kusini-mashariki.

Córdoba ni karibu. Msikiti wake mkuu ulianza kujengwa na Abdul-Rahman wa Kwanza mwishoni mwa karne ya nane, ukafanywa kanisa mwaka 1236. Atalipa tiketi kuingia, ataona mihrabu, na hataruhusiwa kuswali. Walinzi ni wepesi kuwazuia wanaojaribu. Asigombane nao, atazame, aombe dua moyoni, atoke.

Njia ya kaskazini nitaipita upesi, maana inajulikana. Paris kuna Msikiti Mkuu uliofunguliwa mwaka 1926 kuwakumbuka askari Waislamu waliokufa wakiipigania Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza. Austria iliutambua Uislamu kwa sheria tangu mwaka 1912. Linalotaka uangalifu ni majira. Mwishoni mwa Juni jua hutua Granada karibu saa 3:40 usiku, na Paris karibu saa 4. Kadiri unavyokwenda kaskazini mwanga wa machweo huchelewa kupotea, hata usiku mwingine haupotei kabisa, na kalenda za misikiti hutofautiana juu ya Isha. Afuate kalenda ya msikiti wa mji aliomo. Kuhusu chakula, nyama ya nguruwe ni rahisi kuitambua kuliko mafuta yake. Biskuti nyingi za Kihispania ziitwazo mantecados na polvorones hutengenezwa kwa mafuta hayo.

Kisha liko suala la visa, ambalo limewaharibia watu zaidi ya jambo jingine lolote. Siku ya mwisho ya mtihani si siku ya mwisho ya visa, wala visa hairefuki kwa sababu tiketi ya ndege imekatwa kwa tarehe ya mbele. Aliyepitiliza hata siku chache anaweza kunyimwa visa siku atakapotaka kurudi kusoma shahada ya pili. Ahesabu siku zake kwa kalamu. Bosnia, ninayoipendekeza kuwa mwisho wa safari, haimo katika eneo la Schengen. Jirani yake Kroatia imo tangu Januari 2023. Akivuka mpaka huo ametoka Schengen, na hatarudi kama visa yake ni ya kuingia mara moja au imekwisha. Aulize ubalozi wa Bosnia masharti ya pasipoti yake kabla ya kununua tiketi ya basi, na ikiwezekana arejee nyumbani moja kwa moja kutoka Sarajevo kupitia Istanbul.

Kwa nini Sarajevo? Kwa sababu ni mji wa Ulaya ambao adhana yake haikukatika. Msikiti wa Gazi Husrev-beg ulijengwa mapema miaka ya 1530, madrasa yake mwaka 1537, zote kwa wakfu. Huko watu ni Mahanafi, hawakusanyi Swala safarini kama sisi, basi kijana asiingie mabishano nao. Wayahudi waliofukuzwa Hispania kwa amri iliyotiwa saini Granada mwaka 1492 walipata makao katika dola ya Uthmaniyya, Sarajevo ikiwamo. Kitabu chao kitukufu kilichoandikwa Hispania yapata mwaka 1350 kimo katika jumba la makumbusho la mji huo, na mwaka 1942 aliyekificha wasikipate Wanazi alikuwa Mwislamu, mkutubi Derviš Korkut.

Miaka hamsini baadaye Waislamu hao hao walizingirwa mjini mwao, kuanzia Aprili 1992 hadi Februari 1996. Agosti 1992 maktaba ya taifa ilichomwa moto kwa mizinga. Na kuanzia tarehe 11 Julai 1995 waliuawa huko Srebrenica wanaume na wavulana zaidi ya 8,000. Kila mwaka tarehe hiyo mabaki yanayotambuliwa huswaliwa na kuzikwa Potočari, na mwaka 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliifanya siku hiyo kuwa ya kimataifa ya kumbukumbu. Mwanafunzi aliyemaliza Granada mwishoni mwa Juni anaweza kuwahi jeneza hizo. Nani atasema hiyo si haja?

Kando ya msikiti wa Gazi Husrev-beg upo mnara wa saa unaohesabu kwa machweo: jua likitua, mishale husoma saa 12 kamili. Wageni wa Ulaya hudhani umeharibika. Kijana wa Kiswahili atausoma bila ya mkalimani.

Tokea hapo ni uwanja wa ndege. Ruhusa ya kupunguza humfuata msafiri hadi aingie katika majengo ya mji wake. Awaarifu wazazi saa ya kufika, maana Mtume (S.A.W.) hakupenda mtu kuwagutusha watu wake usiku baada ya safari ndefu, na kama ilivyokuwa desturi yake, apitie kwanza msikitini aswali rakaa mbili, ndipo aende nyumbani.