Kigong'ota Uani Wakati wa Theluji: Picha ya Ndege kati ya Ushahidi na Sanaa

Miongoni mwa picha zinazopigwa kwa wingi Amerika ya Kaskazini kati ya Desemba na Februari ni ile ya kigong'ota aliyeng'ang'ania kizimba cha waya chenye shahamu ya ng'ombe, nyuma ya nyumba ya mtu, theluji ikiwa imetanda. Makala haya yanachunguza iwapo picha ya namna hiyo inastahili kuhakikiwa kama kazi ya sanaa, au ni kumbukumbu ya nyumbani tu. Pingamizi linalotolewa dhidi yake si dogo: ndege hakuja kwa hiari tupu bali alivutwa kwa chakula, na mpigapicha hakumfuata porini bali alimngoja dirishani, ndani ya nyumba yenye joto.

Istilahi zinahitaji kutazamwa kwanza. Jina la Kiswahili, kigong'ota (wengine husema kigogota), linamtaja ndege kwa tendo lake la kugotagota mti, na aghalabu husikika kabla ya kuonekana. Picha hufuta sauti hiyo. Isitoshe, kwenye shahamu laini ndege huyu hadonoi kwa kishindo, hivyo mpigapicha hulazimika kumwonyesha bila lile tendo lililompa jina. Neno kipupwe nalo halifai hapa, kwa kuwa katika pwani ya Afrika Mashariki hutaja ubaridi wa wastani wa Juni hadi Agosti. Majira yanayojadiliwa ni ya maji kuganda na wadudu kujificha chini ya magamba ya miti.

Kigong'ota anayehusika zaidi ni Dryobates pubescens, mwenye urefu wa sentimita 14 hadi 17 na uzito wa gramu 21 hadi 28. Hahami majira ya baridi yanapoingia. Huchimba shimo katika mti uliooza na kulala humo. Rangi zake ni nyeusi na nyeupe, na dume hutofautishwa na jike kwa baka jekundu kisogoni. Vidole viwili vya kila mguu huelekea mbele na viwili nyuma, ilhali manyoya magumu ya mkia humwegemeza kama mguu wa tatu. Muundo huu wa mwili ndio unaoipa picha umbo lake. Ndege wengi hutua kwa mlalo juu ya tawi, lakini kigong'ota husimama wima, sambamba na shina, na hivyo huigawa fremu kwa mstari wa juu hadi chini. Baka jekundu, katika uwanja wote wa weupe na weusi, huvuta jicho kabla ya kitu kingine chochote.

Ugumu mkubwa zaidi wa kifani ni mwanga. Kipimamwanga cha kamera hukadiria kwamba mandhari yoyote ina kijivu cha wastani. Kikielekezwa kwenye theluji huitia giza, na weupe hutoka kama majivu. Dawa inayojulikana ni kuongeza mwanga kwa hatua moja au mbili. Hata hivyo, mgongo na tumbo la kigong'ota ni vyeupe pia, na nyongeza ikizidi kidogo manyoya hayo hupoteza nyuzi zake na kubaki doa tupu. Mpigapicha analazimika kuchagua kati ya theluji iliyo nyeupe kweli na ndege mwenye manyoya yanayohesabika. Kwa upande mwingine, theluji hurudisha mwanga kutoka chini na kuangaza tumbo la ndege ambalo kiangazi huwa kivulini. Hakuna taa ya studio inayofanya kazi hiyo kwa ulaini huo.

Mvutano kati ya ushahidi na sanaa una historia. Eliot Porter (1901–1990), aliyesomea udaktari Harvard kabla ya kujitolea kwa kamera, alielezwa na mhariri mmoja wa vitabu kwamba picha zake za ndege zisizo na rangi hazifai, kwani msomaji asingeweza kuwatambua ndege hao. Akageukia filamu ya rangi. Mwaka 1943 picha zake za ndege zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York. Inafaa kuzingatiwa kwamba rangi iliingia kwa ajili ya utambuzi, kisha ikabaki kama uzuri. Kwa kigong'ota suala hilo linajirudia katika mdomo: Dryobates pubescens hutofautishwa na jamaa yake mkubwa, Leuconotopicus villosus, hasa kwa ufupi wa mdomo. Picha ya utambuzi hudai ubavu. Picha ya sanaa yaweza kuridhika na mgongo na mkia uliokaza.

Kuhusu chakula, wapigapicha wengi huweka tawi kavu karibu na kizimba ili ndege atue hapo kwanza, kisha humkata kizimba nje ya fremu. Kanuni za mashindano zimechangia tabia hii. Fasili ya picha za maumbile iliyokubaliwa kimataifa na vyama vikuu vya wapigapicha, FIAP kikiwamo, hairuhusu vitu vya binadamu kuonekana isipokuwa pale vinapokuwa sehemu halisi ya maisha ya kiumbe husika. Kwa maoni ya makala haya, kizimba cha shahamu ni sehemu hiyo hasa. Kukificha si udanganyifu wa kiwango cha kumkodi mnyama aliyefugwa, lakini humwambia mtazamaji kuhusu pori ambalo halikuwapo.

Hoja kwamba ndege aliyelishwa ni mateka wa mlishaji haina nguvu inayodhaniwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1988 kutoka Wisconsin, kuhusu ndege mdogo Poecile atricapillus ambaye huandamana na vigong'ota katika makundi ya majira ya baridi, ulionyesha kwamba asilimia 69 ya waliopata chakula cha ziada walivuka majira hayo, dhidi ya asilimia 37 ya wasiopata. Watafiti haohao walionyesha baadaye, mwaka 1992, kwamba ndege waliozoea kulishwa hawakufa zaidi chakula kilipoondolewa. Matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa kwa kigong'ota moja kwa moja, ila yanadhoofisha picha ya ndege asiye na hiari. Anakuja, anakula dakika chache, anarudi kwenye magamba ya miti.

Picha inayoacha waya uonekane, ukiwa na barafu katika viungo vyake na kucha za ndege zikiwa zimeupitia, humwonyesha mtazamaji yote mawili kwa pamoja: mwili uliojengwa kwa ajili ya gome la mti, na mkono usioonekana uliotundika shahamu asubuhi ile.