Seli vivuli: zinaeleza asili ya uvimbe, hazitabiri ukali wake

Mtoto anaota kinundu kigumu shavuni au shingoni. Kijana mwingine anavimba taya upande wa mbele, karibu na jino la chonge. Wa kwanza atapelekwa kwa daktari wa ngozi, wa pili kwa daktari wa meno, na hakuna atakayefikiri kwamba shida zao zina uhusiano. Lakini vinyama vyao vikishafika maabara, vikakatwa vyembamba na kutiwa rangi, hadubini huweza kuonyesha kitu kilekile. Seli ya kawaida huonekana ya waridi ikiwa na kiini cha zambarau ndani yake. Hizi zimevimba, ni waridi tupu, mipaka yake bado inaonekana, na pale palipokuwa na kiini pamebaki uwazi uliofifia. Wataalamu wa patholojia huziita seli vivuli. Hoja yangu ni kwamba seli hizi hutueleza uvimbe umetokana na tishu ya namna gani, na hazituelezi utakuwa mkali kiasi gani. Anayechanganya mambo hayo mawili humtisha mgonjwa bure, au humwachia aende nyumbani akiwa na hatari.

Tuanze na asili. Mwaka 1880, Wafaransa Malherbe na Chenantais walieleza uvimbe wa ngozi unaojaa chokaa, wakadhani umetoka kwenye tezi za mafuta. Mwaka 1961, Forbis na Helwig wa Marekani walionyesha kwamba chanzo chake ni seli zinazotengeneza unywele, wakauita pilomatriksoma. Mwaka uliofuata, Robert Gorlin na wenzake walieleza kifuko cha taya chenye seli vivuli na chembe za chokaa, wakasema wazi kwamba kinafanana na ule uvimbe wa Malherbe. Walitegemea macho na hadubini tu. Uthibitisho wa jeni ulikuja mwaka 1999, ilipobainika kwamba pilomatriksoma nyingi zina kasoro kwenye jeni ya protini iitwayo beta-katenini, na baadaye kasoro za aina hiyo zikapatikana kwenye kifuko cha Gorlin. Kwa kawaida seli huiharibu protini hii mara kazi yake inapokwisha. Jeni ikiwa na kasoro, protini haiharibiwi. Hurundikana, huingia kwenye kiini, na huendelea kuamuru seli ijenge. Amri hiyo ndiyo inayotumika mimbani kuanzisha jino na unywele pia: panya waliozaliwa bila LEF1, protini inayoshirikiana na beta-katenini ndani ya kiini, hawakuota meno wala masharubu. Hata uvimbe mmoja wa ubongoni, kraniofaringioma ya watoto, huwa na seli vivuli na kasoro hiyohiyo, nao huhusishwa na mabaki ya tishu iliyopanda kutoka paa la kinywa cha kiinitete.

Yupo atakayepinga kwamba seli vivuli ni mizoga tu, na mzoga hauna habari ya kutoa. Ni kweli zimekufa. Lakini seli inayokufa kwa kukosa damu hatimaye husambaratika, ilhali hizi huendelea kubaki na umbo lake, na ndani yake zimepatikana keratini ngumu za aina inayojenga unywele, hata zile za taya. Zimekufa zikiwa katikati ya kazi ya ujenzi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kama zina asili moja, kwa nini zisihesabiwe ugonjwa mmoja na kutibiwa namna moja? Shirika la Afya Duniani lenyewe limeyumba hapa. Katika uainishaji wa mwaka 2005 lilikiita kifuko cha Gorlin uvimbe wa kweli, na mwaka 2017 likakirudisha kwenye kundi la vifuko. Naona lilifanya vyema, kwa sababu vingi vya vifuko hivi vikikwanguliwa kikamilifu havirudi. Ndugu yake aliye mgumu, uvimbe wa dentini wenye seli vivuli, hupenya mfupa na kurudi mara nyingi, hivyo daktari hulazimika kuukata pamoja na sehemu ya mfupa unaouzunguka. Kisha ipo saratani yenye seli vivuli, adimu mno, ambayo huonekana zaidi taya la juu na kwa wanaume, na huweza kusambaa hadi mapafuni. Seli vivuli za saratani hiyo hazitofautiani na zile za kifuko kisicho na madhara. Tofauti iko kwenye seli hai zinazozizunguka: zinavyogawanyika kwa wingi, zinavyooza kwa mafungu, na zinavyovamia tishu ya jirani.

Kwa nini tujali magonjwa adimu hivi? Kwa sababu mgonjwa haji na jina la ugonjwa; huja na taya lililovimba. Kwenye picha ya eksirei, kifuko cha Gorlin ambacho hakijapata chokaa ni doa jeusi, kama lilivyo doa la ameloblastoma, ambayo katika nchi nyingi za Afrika ni miongoni mwa uvimbe wa taya unaoonekana sana. Kinachotolewa tayani hakifai kutupwa kwenye ndoo ya chumba cha upasuaji. Kiende maabara chote, si kipande kimoja, kwa kuwa saratani hii wakati mwingine huzuka ndani ya kifuko cha zamani, na kipande kilichokatwa pembeni huweza kuonyesha seli vivuli tupu huku zile zinazovamia zikiwa sentimita moja kando yake.