Je, Wajua? Umeunguzwa na leza? Una miaka 3

Melanini ya ngozi nyeusi hunyonya mwanga wa leza, hivyo mashine isiyorekebishwa ipasavyo huunguza haraka. Ukiumizwa, uwe Musoma, Bunda au Butiama, Sheria ya Ukomo wa Muda ya Tanzania, Sura ya 89, inakupa miaka 3 kudai fidia kwa uzembe. Kwa kuvunjwa mkataba, 6. Fomu ya ridhaa uliyosaini haimruhusu mtu kukufanyia uzembe! Daktari anaweza pia kushtakiwa kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika. Piga picha jeraha siku hiyohiyo, tunza risiti, tibiwa hospitali upate maandishi. Huna pesa za wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na msaada wao ni bure.