Damu kwenye Mswaki: Fizi Zinatuambia Nini?

Fizi zenye afya hazitoki damu. Mtu akipiga mswaki na povu likawa jekundu, mara nyingi fizi zake zina uvimbe, hata kama hasikii maumivu yoyote. Ugonjwa wa fizi huenda kimyakimya, na ukimya huo ndio hatari yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hatua yake kali imewapata zaidi ya watu bilioni 1, takriban 19% ya wenye umri wa zaidi ya miaka 15. Wengi wao hushtuka pale jino linapoanza kucheza, na wakati huo sehemu ya mfupa unaolishika imekwisha kuliwa.

Farsta, kitongoji cha kusini mwa Stockholm, ni mahali pafaapo kuutazama ugonjwa huu. Sweden ilianzisha huduma ya umma ya meno, Folktandvården, mwaka 1938, na wataalamu wa nchi hii wametumia miongo mingi kutafuta namna ya kulinda jino libaki kinywani. Ng'ambo ya ziwa Magelungen, linalopakana na Farsta, ni manispaa ya Huddinge. Huko Taasisi ya Karolinska hufundisha madaktari wa meno, na watafiti wake wameuchunguza hata mswaki wa mti ambao wazee wa pwani yetu wameutumia tangu zamani.

Utando, ugaga, mfupa

Kila baada ya kusafisha meno, bakteria huanza upya kujishikiza juu yake na kujenga utando laini. Usipoondolewa, utando huo hukomaa, hasa kwenye mpaka wa jino na ufizi na katikati ya meno. Mwili huutambua kama uvamizi na kupeleka damu nyingi zaidi mahali hapo. Ufizi unavimba, unakuwa mwekundu na kutoka damu ukiguswa. Hiyo ni hatua ya kwanza, jinjivaitisi, nayo hupona kabisa.

Madini ya mate yakiugandisha utando, huwa ugaga, ambao mswaki hauwezi kuung'oa. Ugaga una mikwaruzo mingi, hivyo utando mpya hupata pa kushikilia. Kwa baadhi ya watu uvimbe huteremka chini zaidi: ufizi unaachana na jino, mfuko unafanyika, na mfupa wa taya unaanza kupungua. Hapo tunazungumzia periodontaitisi. Matibabu huweza kuizuia isiendelee, lakini mfupa uliopotea kwa kawaida haurudi wenyewe.

Uthibitisho kwamba utando ndio unaovimbisha fizi ulipatikana Aarhus, Denmark, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1965. Harald Løe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21, wote walipata uvimbe wa fizi. Walipoanza tena kusafisha, fizi zilipona kwa muda wa wiki moja hivi. Kwa hiyo anayeona damu kisha akaacha kupiga mswaki akidhani anaupumzisha ufizi, anaupa ugonjwa nafasi. Damu inataka usafi zaidi, kwa mkono mwepesi.

Kwa nini si wote huumia sawa

Uchunguzi wa Machakos, Kenya, uliochapishwa mwaka 1988 na kuhusisha watu 1,131 wa umri wa miaka 15 hadi 65, ulikuta utando, ugaga na fizi zinazotoka damu kwa watu wengi. Hata hivyo, uharibifu mkubwa uliwaelemea wachache. Miili haikabiliani na bakteria kwa namna moja.

Baadhi ya sababu zinajulikana. Sigara hudhoofisha kinga ya ufizi na kubana mishipa ya damu, hivyo mvutaji anaweza kuwa na ugonjwa mkubwa bila kuona damu nyingi. Kisukari kisichodhibitiwa huuzidisha ugonjwa wa fizi, na uvimbe wa fizi nao hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Mabadiliko ya homoni wakati wa ujauzito hufanya fizi zivimbe upesi. Ugonjwa wa fizi unahusishwa pia na moyo: utafiti wa Sweden uitwao PAROKRANK, wa mwaka 2016, uliwalinganisha wagonjwa 805 waliopata shambulio la moyo kwa mara ya kwanza na watu 805 wasio na historia hiyo. Ugonjwa wa fizi ulionekana zaidi kwa wale wagonjwa. Hilo halithibitishi kwamba fizi ndizo zilizosababisha shambulio, lakini linatosha kumfanya mtu asizipuuze.

Mti wetu maabarani

Mtafiti Abier Sofrata na wenzake wa Karolinska waliweka vipande vya mswaki wa Salvadora persica karibu na bakteria wa kinywani. Katika matokeo yao ya mwaka 2008, mti huo uliwadhuru hata uliponing'inizwa juu yao bila kuwagusa. Walioathirika sana ni miongoni mwa wale wanaohusishwa na periodontaitisi. Baadaye walibaini kwamba mvuke wa kemikali iitwayo benzili aisothaiosaineti, iliyomo katika mizizi, una sehemu kubwa katika nguvu hiyo.

Basi anayeupenda mswaki wa mti asione haya. Autafune mpaka nyuzi zilainike, asugue kutoka ufizini kuelekea ncha ya jino, kila upande, ukiwemo wa ndani, na aikate ncha ikichakaa. Kusugua kwa nguvu huufanya ufizi urudi nyuma. Lakini mti huo haufiki vizuri katikati ya meno, wala hauchukui nafasi ya floraidi inayolinda meno yasitoboke.

Kazi ya kila siku

Piga mswaki mara 2 kwa siku, dakika 2 kila mara, kwa dawa yenye floraidi. Ulaze mswaki mpakani mwa jino na ufizi, utembeze taratibu, kisha tema povu bila kusukutua kwa maji mengi. Mara moja kwa siku safisha katikati ya meno kwa uzi au vibrashi vidogo vinavyolingana na nafasi zako. Damu ikiendelea baada ya wiki 2 za usafi huo, nenda kliniki.

Kwa wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki, daktari wa meno alikuwa mtu wa kung'oa, na tulimwendea jino lilipotunyima usingizi. Mazoea hayo tumeyabeba hadi Ulaya, tukiongezea hofu ya bili. Sweden huwatibu watoto bure. Kwa mtu mzima, kwa kawaida serikali huchangia nusu ya gharama, kwa bei elekezi za serikali, zinazozidi krona 3,000, na 85% zikizidi 15,000. Kusubiri jino lilegee ndiko kunakoleta bili kubwa.

Huko Karlstad, Per Axelsson na Jan Lindhe waliwafuatilia watu wazima kwa miaka 30, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walifundishwa kusafisha meno yao vizuri na kusafishwa na wataalamu mara kwa mara. Katika kila kundi la umri, wastani wa meno waliyopoteza kwa muda wote huo haukufika 2. Uzee peke yake haung'oi meno.

Ukienda kliniki, iwe Farsta, Mombasa au Dar es Salaam, omba fizi zako zipimwe. Mfuko wenye kina cha milimita 1 hadi 3 ni wa kawaida. Kuanzia 4 unahitaji kuangaliwa. Iandike namba hiyo, na mwaka ujao omba upimwe tena uone kama imepungua.