Mzio wa wadudu wa nafaka

Mzio wa wadudu wa nafaka ni mzio unaowapata watu wanaofanya kazi kwenye maghala, mashine za kukoboa na kusaga, masoko ya nafaka na viwanda vya mikate. Husababishwa na kuvuta au kugusa vumbi lenye mabaki ya wadudu waharibifu. Ni mmojawapo wa magonjwa yatokanayo na kazi. Dalili zake hufanana na za mafua, kifua kikuu au malaria, hivyo mgonjwa anaweza kutibiwa ugonjwa mwingine kwa muda mrefu huku akiendelea kuvuta vumbi lilelile.

Wadudu wanaohusika

Fukusi wa mahindi (Sitophilus zeamais) na fukusi wa mchele (Sitophilus oryzae) hutaga mayai ndani ya punje, na buu hula punje hiyo kutoka ndani. Wengine ni mbawakawa mwekundu wa unga (Tribolium castaneum), nondo wa nafaka (Sitotroga cerealella) na utitiri wa ghalani, ambao si wadudu kamili bali ni jamaa wa buibui. Utitiri wa jenasi Pyemotes huishi kwa kunyonya wadudu wa ghalani, lakini huweza pia kuwauma wabeba magunia na kuwaletea vipele vyenye mwasho mkali.

Jinsi mzio unavyotokea

Vumbi la nafaka si unga na pumba tu. Huwa na kinyesi cha wadudu, magamba waliyoyavua, vipande vya miili yao na kuvu. Protini zilizomo huingia puani na mapafuni. Kwa baadhi ya watu mfumo wa kinga huzichukulia kama adui na kutengeneza kingamwili aina ya IgE dhidi yake. Hatua hii huweza kuchukua miezi au miaka bila dalili yoyote. Baadaye kiasi kidogo tu cha vumbi hutosha kuleta chafya, macho mekundu, kuwashwa ngozi, kikohozi na pumu.

Aina nyingine huathiri vifuko vya hewa vya mapafu. Mgonjwa hupata homa, baridi na kubanwa kifua saa 4 hadi 8 baada ya kazi. Mahali penye malaria, homa ya namna hiyo hudhaniwa kwa urahisi kuwa malaria.

Historia

Daktari Mwitalia Bernardino Ramazzini, aliyeandika kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi mwaka 1700, alieleza jinsi wapepetaji na wapimaji wa nafaka walivyoteseka kwa vumbi. Mwaka 1966 J. A. Lunn alieleza nchini Uingereza pumu ya wafanyakazi wa kinu iliyotokana na fukusi wa ghala (Sitophilus granarius).

Kahama na maeneo jirani

Kahama, mkoani Shinyanga, ni kituo cha biashara ya mpunga na mchele, na mashine za kukoboa ni sehemu ya maisha ya mji. Mkoa jirani wa Tabora ndiko dumuzi (Prostephanus truncatus), anayeitwa pia Scania, alikogunduliwa kwanza barani Afrika mwishoni mwa miaka ya 1970. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Dumuzi hutoboa punje za mahindi na kuacha unga mwingi, kwa hiyo gunia lililoshambuliwa hutoa vumbi jingi linapomwagwa.

Kwa kuwa Kahama iko katika ukanda wa dhahabu, kikohozi cha kazini huhusishwa zaidi na migodi. Vumbi la mawe huleta silikosi, yaani makovu ya mapafu yasiyopona. Dalili za mzio, hasa mwanzoni, hupungua mtu anapokuwa mbali na kazi. Mtu aliyefanya kazi zote mbili anaweza kuwa na magonjwa yote mawili.

Utambuzi

Swali muhimu ni kama dalili hupungua siku za mapumziko na kurudi kazini kunapoanza. Daktari huweza kupima nguvu ya pumzi siku za kazi na za likizo, na kufanya kipimo cha mzio kwenye ngozi au damu. Anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi apimwe pia kifua kikuu.

Kinga

Kuua wadudu hakutoshi, maana protini zao hubaki kwenye vumbi hata baada ya ghala kufukizwa dawa. Njia bora ni kuwazuia wasizaliane: kukausha nafaka vizuri, kuondoa masalia ya msimu uliopita na kutumia mifuko isiyopitisha hewa, ambamo wadudu hufa kwa kukosa oksijeni. Mashine iwe mahali penye hewa ya kutosha, na wafanyakazi wavae barakoa za kuchuja vumbi, kwani kitambaa cha kawaida huacha chembe ndogo zipite.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 huhusu pia magonjwa yatokanayo na kazi. Mzio ukigunduliwa mapema na mtu akaondolewa kwenye vumbi, nafuu ni kubwa. Ukicheleweshwa, pumu huweza kubaki hata baada ya kuacha kazi.